Giza la Edgar Poe lilitoka wapi?



Wengi wetu tuliosomea ualimu tulikutana na Edgar Allan Poe katika lugha ya Kifaransa. Mmarekani huyu alitufikia kwa mkono wa Charles Baudelaire, aliyetafsiri hadithi zake na kuzitoa katika kitabu Histoires extraordinaires mwaka 1856, kisha katika Nouvelles histoires extraordinaires mwaka 1857. Pamoja na hadithi hizo tulipewa maelezo, nayo yamekuwa mafupi siku zote: mtu huyu alikuwa yatima, maskini na mlevi, mke wake alikufa angali kijana, naye mwenyewe akafa vibaya, ndiyo maana maandiko yake yamejaa makaburi, wazimu na damu. Mwalimu hutamka hivyo, mwanafunzi huandika hivyo katika daftari lake, na wote wawili hudhani kwamba neno limekwisha.

Sisi tunaona halijaisha. Maelezo hayo yana nusu ya ukweli, na nusu nyingine ina masingizio ambayo mtungaji wake anajulikana kwa jina na kwa tarehe. Tena neno hili halihusu wasomi wa mambo ya Marekani peke yao. Katika maeneo yetu wamo watoto waliozika baba, mama au ndugu kabla ya kumaliza shule ya msingi. Wanapopewa kalamu na kuambiwa waandike insha, giza huingia ndani ya insha, na mwalimu hushtuka. Wengine husema mtoto ameharibika, wengine husema ana roho mbaya, wengine humwambia afute aandike habari za furaha. Jinsi tulivyozoea kumsoma Poe ndivyo tunavyowasoma watoto hao. Kwa hiyo inafaa tumchunguze vizuri.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Edgar alizaliwa Boston tarehe 19 Januari 1809. Wazazi wake, David na Elizabeth Poe, walikuwa waigizaji wa jukwaani, kazi ambayo wakati ule haikuwa na heshima kubwa wala pato la kutegemewa. Baba aliiacha nyumba yake Edgar akiwa bado mchanga. Mama akafariki huko Richmond, katika jimbo la Virginia, mwezi wa Desemba 1811, akiwa na umri wa miaka 24 hivi. Watoto walikuwa watatu, nao wakagawanywa: Henry, mkubwa, alikuwa kwa babu na bibi yake Baltimore, Edgar alichukuliwa na mfanyabiashara John Allan na mkewe Frances, Rosalie, mdogo wao, alichukuliwa na jamaa nyingine ya Richmond.

John Allan alimlisha Edgar, alimvika, alimpeleka Uingereza kwa miaka mitano akamsomesha huko, wala hakumfanya kamwe mwana wake mbele ya sheria. Sisi katika nchi hii tunamfahamu mtoto wa namna hiyo. Anakula pamoja na wenzake, anavaa kama wao, lakini siku maneno yanapochacha anakumbushwa kwamba nyumba si ya baba yake. Mwaka 1825 Allan alirithi mali nyingi sana. Mwaka uliofuata Edgar aliingia Chuo Kikuu cha Virginia na fedha zisizotosha gharama. Akacheza kamari ili apate za kujazia, akaingia katika deni kubwa. Allan alikataa kulilipa, na masomo yakakatika kabla ya mwaka kutimia. Frances, mama mlezi aliyempenda, alifariki Februari 1829 Edgar akiwa askari. Alipofika nyumbani walikuwa wamekwisha mzika. John Allan naye alifariki mwaka 1834, na katika wasia wake jina la Edgar halikuwamo.

Kuna jambo moja katika habari hizi ambalo kila tukilisoma hutusimamisha. Mama yake alikufa akiwa na miaka 24 hivi. Kaka yake Henry alikufa mwaka 1831 akiwa na miaka 24. Mke wake Virginia alikufa tarehe 30 Januari 1847, naye alikuwa na miaka 24. Mtu wa namna hii hana haja ya kwenda mbali kutafuta habari za kifo.

Kuhusu ndoa yake tuseme wazi, kwa maana hatuandiki ili kumtakasa. Virginia alikuwa binti wa shangazi yake, na walipooana mwaka 1836 alikuwa na miaka 13, naye Edgar 27. Hakuna hoja ya zamani wala ya desturi itakayotufanya tuitetee. Tuseme wazi pia kuhusu pombe. Alikunywa, akaacha, akarudia. Kilevi kidogo kilimwangusha. Kazi kadhaa zilimponyoka na marafiki wakachoka naye. Agosti 1849, majuma machache kabla ya kufa, alijiunga huko Richmond na chama cha watu walioapa kutokunywa tena. Tarehe 3 Oktoba akaokotwa Baltimore karibu na nyumba ya kilevi, hajitambui, amevaa nguo zisizo zake. Alifia hospitalini tarehe 7, akiwa na umri wa miaka 40. Kilichomwua hakijulikani hadi leo.

Basi, maisha yalikuwa na taabu, na maandiko yana giza. Swali ni jinsi haya mawili yanavyoungana. Watu wengi huyaunga kama mtu anayeunga moshi na moto: tukiona moshi, moto upo, tukiona hadithi ya mke anayekufa, ni mke wake huyo. Nasi tulipoanza kufundisha tulifundishwa kusema hivyo. Lakini anayechukua shida ya kuandika miaka ubaoni, hadithi upande huu na maisha upande ule, ataona jambo ambalo halikubaliani na maelezo hayo.

Virginia aliugua waziwazi Januari 1842. Alikuwa akiimba nyumbani, mshipa ukapasuka kifuani, damu ikatoka kinywani. Ndipo kifua kikuu kilipojionyesha. Kabla ya siku hiyo alikuwa mwanamke kijana ambaye hakuna aliyekuwa akimlilia. Lakini "Berenice" na "Morella", hadithi mbili za wanawake wanaonyauka na kufa, zilichapwa mwaka 1835, kabla hata ya ndoa. "Ligeia" ilitoka mwaka 1838. Habari ya nyumba ya Usher, ambamo dada anawekwa katika jeneza, ni ya mwaka 1839. Ya ajabu kuliko zote ni "Eleonora". Humo mtu anasimulia jinsi alivyoishi bondeni pamoja na binamu yake na mama wa binamu huyo, wakapendana, kisha binti akafa. Edgar aliishi hivyohivyo, yeye, Virginia na mama yake Virginia. Mtu angeapa kwamba hadithi hii iliandikwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini ilichapwa mwishoni mwa 1841, damu ya kwanza ikiwa bado haijatoka.

Hapa baadhi ya wasomi hurudi nyuma hadi kwa mama. Mwaka 1933 Marie Bonaparte, mwanafunzi na rafiki wa Sigmund Freud, alitoa huko Ufaransa kitabu kikubwa juu ya Poe, Freud mwenyewe akakiandikia dibaji. Kwa maoni yake, wanawake wote wale wanaokufa ni mama mmoja aliyekufa, ambaye mtoto hakuacha kumtafuta. Hatuyadharau maoni hayo. Mtoto wa miaka karibu mitatu haoni kifo cha mama bila kubaki na kitu ndani yake, hata asipoweza kukumbuka sura. Lakini yanaeleza kupita kiasi. Watoto watatu walimpoteza mama huyohuyo siku ileile. Henry alitunga mashairi machache ambayo leo yanasomwa kwa sababu ya jina la mdogo wake. Rosalie aliishi mpaka mwaka 1874, akafa Washington katika nyumba ya kutunzia maskini, wala hakuandika chochote kinachokumbukwa. Kama uyatima ungetosha kuandika, sisi hapa tungekuwa na maktaba kubwa kuliko zote duniani.

Taabu ilimpa Poe kitu, hilo hatukatai. Tunachokataa ni kwamba ilimpa hadithi. Tukisoma barua aliyomwandikia mtu mmoja tarehe 4 Januari 1848, mwaka mmoja baada ya kumzika Virginia, tunaona kwa maneno yake mwenyewe ni kitu gani. Anaeleza kwamba mke wake alipopasuka mshipa mara ya kwanza, watu walikata tamaa, naye alimwaga kama mtu aliyekwisha kufa. Akapona kidogo. Tumaini likarudi. Baada ya mwaka mshipa ukapasuka tena. Kisha tena, na tena. Kila mara aliupitia uchungu wote wa kumpoteza, na kila alipomwona anarudi alimpenda zaidi na kumshikilia zaidi. Anasema kilichomvunja akili si kifo chenyewe, ni kule kupelekwa huku na huku kati ya tumaini na kukata tamaa. Na kuhusu kunywa anasema kwamba adui zake walidhani pombe ndiyo iliyoleta wazimu, kumbe wazimu ndio ulioleta pombe. Kauli hii ya mwisho ni ya kujitetea, nasi tunaipokea kwa tahadhari, kama inavyopasa kwa kila mnywaji anayejieleza. Ile ya kwanza tunaiamini.

Sasa tumweke kando ya barua hiyo "Kunguru", shairi lililochapwa New York tarehe 29 Januari 1845 na kumpa sifa nchini kote kwa muda wa majuma machache. Mtu amekaa peke yake usiku, anamwombolezea mwanamke aliyekufa. Ndege mweusi anaingia, anajua kusema neno moja tu. Mtu yule, akijua kabisa kwamba ndege hana jibu jingine, anaendelea kumwuliza, na kila swali linahusu jambo linalomwuma kuliko lililotangulia. Wanaosema kwamba hapa Poe anamlilia mkewe wamesahau tarehe: Virginia alikuwa hai, aliishi miaka miwili zaidi baada ya shairi kutoka. Hakuwepo marehemu nyumbani. Alikuwepo mgonjwa, na kulikuwa na lile swali linaloulizwa kila asubuhi na mtu anayelijua jibu. Huo mwendo wa kuuliza, kujibiwa na kuuliza tena ndio uliotoka katika maisha ukaingia katika shairi. Matukio ni mengine. Mwendo ni uleule. Yeyote kati yetu aliyeuguza mtu wa kifua kikuu katika miaka ambayo dawa hazikupatikana anautambua.

Lakini hata hapo hatujafika kwenye shairi, kwa kuwa waliouguza ni wengi. Mwaka 1846 Poe aliandika insha ya kueleza jinsi alivyolitunga. Anadai kwamba hakuna neno lililoingia kwa bahati: alichagua kwanza urefu, kisha jinsi msomaji atakavyojisikia, kisha neno la kurudiarudia kwa ajili ya sauti yake, kisha kiumbe wa kulitamka, anasema alifikiria kasuku kwanza, akaona kunguru anafaa zaidi. Kifo cha mwanamke mzuri alikichagua, asema, kwa sababu ndicho chenye ushairi kuliko vyote. Walimu wengi hucheka wakisoma insha hiyo, nasi tunakiri kwamba ina majivuno. Hakuna mtu anayetunga shairi kama anayefanya hesabu za duka. Hata hivyo tusiicheke mno. Mtu huyu alihariri magazeti kwa miaka, alisahihisha kurasa za wengine usiku, aliandika mamia ya kurasa za uhakiki, alitunga vichekesho na mafumbo ya maandishi ya siri, akaanzisha hadithi ya upelelezi kwa "Mauaji ya Rue Morgue" mwaka 1841. (Wapenzi wa Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla na wajue kwamba mpelelezi wao ni mjukuu wa Dupin wa Poe, kwa njia ya Sherlock Holmes.) Mashairi yake aliyarekebisha tena na tena kila yalipochapwa upya. Ushahidi wa kazi upo mbele ya macho yetu, hata tukipunguza majivuno.

Na kazi hiyo haikumlipa. Nchini Marekani hapakuwa na sheria ya kulinda waandishi wa nchi za nje, kwa hiyo mchapaji aliweza kuchukua kitabu cha Mwingereza akakichapa bure. Kwa nini basi amlipe Mmarekani? Huko Philadelphia, mhariri wa gazeti lililouzwa sana, Poe alipata dola 800 kwa mwaka. Majira ya baridi ya 1846, katika kibanda cha Fordham nje ya New York, mgeni aliyewatembelea alimkuta Virginia amelala juu ya godoro la majani makavu, amefunikwa kwa koti la mumewe, na paka mkubwa amewekwa kifuani ili ampatie joto. Tunaposema maisha ya taabu, tusiwaze tu mapepo ya moyoni. Sehemu kubwa ya taabu ya Poe ilikuwa ukosefu wa kuni na mablanketi, na hiyo haikuwa siri ya nafsi yake bali dhambi ya wenye magazeti.

Karibu na kibanda hicho kulikuwa na chuo cha Mtakatifu Yohane, ambacho mapadre Wajezuiti walikuwa wamekabidhiwa mwaka uleule wa 1846. Inasimuliwa kwamba Poe alikwenda kwao mara kwa mara baada ya kufiwa, akatumia maktaba yao, akapenda ukaribu wao kwa kuwa walikuwa wasomi na waungwana, walicheza karata naye wala hawakumhubiria. Ndani ya "Morella" alikuwa ameweka sala ya kishairi kwa Bikira Maria, na baadaye aliichapa peke yake. Hatusemi haya ili kumfanya Mkatoliki baada ya kufa, hakuwa. Tunasema tu kwamba mapadre wale walijua namna ya kukaa na mtu aliyevunjika, na huenda sisi makatekista tuna la kujifunza katika zile karata.

Sasa tuje kwa yule aliyetutungia ile nusu nyingine ya maelezo. Poe alizikwa tarehe 8 Oktoba 1849. Tarehe 9 gazeti moja la New York lilitoa tanzia yenye saini ya "Ludwig". Ilisema kwamba ni wachache watakaohuzunika. Ilimchora marehemu akitembea mitaani huku anajisemea laana, mwenye wivu, mwenye kiburi, asiye na rafiki; na sehemu ya picha hiyo ilichukuliwa kutoka kwa mhusika mwovu wa riwaya ya Kiingereza, kana kwamba inamhusu Poe. "Ludwig" alikuwa Rufus Griswold, mhariri aliyekosana na Poe siku nyingi, mtu aliyekuwa na idhini ya kuhubiri katika kanisa la Kibaptisti. Kisha, kwa jambo ambalo mpaka leo linashangaza, ni huyohuyo aliyekabidhiwa kuchapa maandiko ya marehemu. Mwaka 1850 akaongeza wasifu, na ndani yake barua za Poe alizozibadili kwa mkono wake: akatia maneno ambayo Poe hakuyaandika, mengine ya kumsifu yeye Griswold. Uongo huo ulithibitishwa kikamilifu na Arthur Hobson Quinn mwaka 1941, kwa kulinganisha barua zenyewe na zile zilizochapwa. Karibu miaka tisini na mmoja ilikuwa imepita. Katika muda huo ndipo vilipoandikwa vitabu vingi vya shule, vikanakiliana, na mkondo wake ukafika hata kwetu.

Jambo la kuangalia ni hili: Griswold aliaminika kwa sababu ya hadithi zenyewe. Msomaji alikuwa amekwisha soma habari ya mlevi anayemwua mkewe katika "Paka Mweusi", na ya mwendawazimu anayemwua mzee katika hadithi ya moyo unaodunda chini ya sakafu. Alipoambiwa kwamba mwandishi alikuwa shetani, alisema, ndiyo, nilijua. Hivyo hadithi zikageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya aliyezitunga, na kila mara tunapomwambia mwanafunzi kwamba maandiko ya Poe ni kioo cha maisha yake tunaifungua upya kesi ileile. Amri ya nane haina kifungu kinachowatoa marehemu, wala wanaoandika mambo ya kutisha.

Tena wanaosoma hadithi hizo kama ungamo la mwandishi hawaoni zinamhusu nani. Mwuaji wa moyo unaodunda hakamatwi na polisi. Polisi wameketi wanazungumza kwa utulivu, hawana shaka naye. Anayemkamata ni yeye mwenyewe. Katika "William Wilson" ya mwaka 1839 mtu anafuatwa maisha yake yote na mwenzake mwenye jina lake na sura yake, ambaye humnong'oneza kila anapotaka kutenda uovu. Anapomchoma upanga mwishowe, anagundua amejichoma mwenyewe. Sisi tunaofundisha watu kuungama tumetafuta mara nyingi mfano wa dhamiri inayomfuata mtu, na hatujapata ulio wazi kuliko huo. Vyumba vya shule anayosoma Wilson ni vya shule ya Stoke Newington, alikosomea Poe huko Uingereza. Maisha yalimpa vyumba. Dhamiri iliyomo ndani ya vyumba hivyo ni ya kila mtu.

Baudelaire, aliyetuletea Poe, naye hakuwa mbali na kosa, ingawa kwa upande mwingine. Alifiwa na baba akiwa na miaka mitano, hakupatana na mume wa pili wa mama yake, aliishi na madeni. Na mwaka 1857 kitabu chake cha mashairi kilishtakiwa mahakamani na mashairi sita yakapigwa marufuku. Alipomkuta Poe alijiona mwenyewe. Akamtetea kwa moyo wote, akamfanya shahidi aliyeuawa na Marekani ya wafanyabiashara. Griswold alisema maisha maovu yakazaa maandiko maovu. Baudelaire akasema maisha ya mateso yakazaa maandiko matakatifu. Mmoja ana chuki, mwingine ana upendo, nasi tunampenda zaidi wa pili. Lakini wote wawili walimsoma mtu kabla ya ukurasa.

Kama msomaji bado ana shaka, na aangalie upande wetu wa lugha. Nani ameandika kwa Kiswahili maandiko yenye giza kuliko Euphrase Kezilahabi? "Rosa Mistika" ya 1971 iliwatia hofu wakubwa wa shule. "Kichwamaji" ya 1974 inamwacha mhusika wake bila tumaini lolote. Naye Kezilahabi alisoma seminari, akawa mwalimu, akawa profesa wa chuo kikuu, akafundisha Dar es Salaam kisha Botswana hadi uzee wake, akafariki mwaka 2020. Hakuokotwa mtaani katika nguo za mwingine. Giza la vitabu vyake lilitoka katika kuwaza na katika kuwatazama wengine, na hakuna Griswold aliyelitafutia chupa.

Wapo ndugu katika shirika letu wanaosema kwamba yote haya ni bure, kwa kuwa Mkristo hapaswi kusoma wala kuandika mambo yasiyo na mwanga. Tunawaheshimu, na tunawaomba wafungue Zaburi ya 88. Zaburi nyingine za maombolezo hugeuka mahali fulani zikamshukuru Mungu. Hiyo haigeuki, inaanza katika taabu na inaishia gizani. Kanisa halikuiondoa wala halikuiongezea mwisho mzuri. Limeiweka katika sala ya usiku ya Ijumaa, nayo inasaliwa kila juma na mapadre, watawa na walei walio na afya na furaha zao, ambao usiku huo hawana msiba wowote. Hawasali kwa sababu ya maisha yao. Wanamwazima sauti yule asiyeweza kulala.

Kwa hiyo, darasani, tunapendekeza mwendo mwingine. Mwanafunzi anapoleta insha yenye makaburi, mwalimu asimwulize kwanza nyumbani kuna nini. Aisome kama insha: je, hofu imejengwa, au imetajwa tu? Neno gani linarudi, na kwa nini linarudi? Tumeona mtoto akinyanyuka kwa sababu mtu alizungumza naye juu ya sentensi yake ya tatu badala ya kumhurumia. Kama kuna jambo la nyumbani la kusaidiwa, litajulikana, na lisaidiwe nje ya saa ya somo na bila daftari mkononi.

Na kwa Poe mwenyewe, tuanze na "William Wilson", bila neno hata moja la maisha ya mwandishi. Kisha "Kunguru" kwa sauti, hata kwa tafsiri ya Kifaransa ya Mallarmé ya mwaka 1875. Ndipo tuandike ubaoni safu mbili za miaka, ya hadithi na ya misiba, na wanafunzi wenyewe watafute mahali zinapokubaliana na mahali zinapokataana. "Eleonora" itawapa kazi ya kutosha saa nzima. "Paka Mweusi" tuwaachie wa darasa la mwisho. Tanzia ya Ludwig isomwe mwishoni kabisa, pamoja na tarehe yake.